Dondoo Muhimu: Rangi ya Maji ya Rejeta Inasema Nini?

Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta na uchovye kitambaa cheupe.

• Kahawia kama chai ya rangi: ni kutu, mara nyingi kwa sababu ya kujaza maji ya bomba. Safisha mfumo mzima, weka kulanti mpya.

• Mazito kama uji wa maziwa: yamechanganyika na oili. Chomoa stiki ya oili. Ikiwa na utelezi mweupe, shuku gasketi ya silinda hedi. Usiwashe gari.

• Yanapungua bila kuvuja chini: angalia moshi mweupe wenye harufu tamu kwenye ekzosi; huenda yanaungua ndani ya injini.

• Usichague kulanti kwa rangi. Fuata kitabu cha gari.

Rejeta ya moto haifunguliwi. Subiri ipoe.