Dawa Ikizidi Huwa Sumu

Napenda kuwaeleza kidogo juu ya figo na dawa za sindano, maana jambo hili lilimpata mjomba wangu huko kwetu Namoto, kaskazini mwa Cabo Delgado, karibu na mto Ruvuma.

Mjomba alishikwa na homa kali. Mwuza dawa mmoja akawa akimpiga sindano ya mshipa asubuhi na jioni, bila kumpima uzito. Dawa yenyewe ni jentamisini, inayojulikana tangu mwaka 1963, nayo imeokoa wengi ikitumiwa ipasavyo. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta vichupa. Siku ya saba homa ilikuwa imekwisha, lakini sisi nyumbani tukasema, "Aongezewe, apone kabisa." Zikafika siku kumi na mbili. Ndipo alipoanza kutapika na kulegea. Mkojo ulitoka kama desturi, kwa hiyo hatukushuku figo.

Sasa tutazame kazi ya figo. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku figo zote mbili huchuja lita 180 hivi za maji ya damu. Karibu yote hurudishwa mwilini kupitia vijifereji. Lita moja na nusu hivi pamoja na uchafu hutoka kuwa mkojo. Jentamisini hutoka kwa njia hiyo hiyo, lakini sehemu yake hunaswa katika kuta za vijifereji, ikajilimbikiza siku kwa siku hata kuziua chembe zake. Hapo maji huweza kuendelea kutoka, na uchafu ukabaki katika damu. Ndiyo sababu tabibu hupima damu, atazame takataka iitwayo kriatinini.

Tulimvusha mto mpaka hospitali ya ng'ambo, Tanzania. Tabibu alipoona majibu ya damu alikataza sindano mara moja. Baada ya majuma kadhaa figo zilipata nafuu. Lakini masikio yake yanavuma hata leo, kwani dawa hii hudhuru masikio pia, na madhara hayo mara nyingi hayaponi.

Basi tukumbuke mambo matatu:

1. Kipimo cha dawa hii hufuata uzito wa mgonjwa na hali ya figo zake.
2. Siku za sindano huhesabiwa. Asiziongeze mtu ila tabibu.
3. Mzee, na mtu aliyepungukiwa na maji kwa kuharisha au kutapika, wamo hatarini zaidi.

Mjomba hanilaumu. Lakini mimi sivisahau vichupa vile.