Usiichomeke Kwanza Hiyo Amplifaya ya Mzee

Amplifaya nyingi za zamani zinazofika kwenye meza yangu hapa Kipawa hazikufa kwa uzee. Ziliuawa siku mwenyewe alipozitoa stoo baada ya miaka kumi, akazipangusa vumbi kwa kipande cha kanga, akazichomeka ukutani aone kama bado zinaimba. Ziliimba dakika mbili, kisha moshi.

Mzee mmoja alinishushia yake kutoka kwenye bajaji, imefungwa shuka kama mtoto mchanga. Ya Kijapani ya miaka ya 1970, uso wa alumini, na uzito wake si wa mchezo. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Fundi, upande mmoja hauongei, na mwingine unakoroma." Nikamuuliza kama ameiwasha tena tangu ianze kukoroma. Hakuiwasha. Nusu ya kazi alikuwa ameshanifanyia.

Anzia nyuma yake. Soma kibandiko cha volti. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japan ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na umeme wetu ni 230. Zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingi mara nyingi zina swichi ya kuchagua volti, iweke 220 au 240. Ya volti 100 peke yake itaishi kwa transfoma ya kushusha umeme, hakuna njia ya mkato. Fyuzi ikiwa imekatika, weka yenye ampea zilezile. Ule ujanja wa kuizungushia karatasi ya sigara umeunguza transfoma nyingi, na transfoma ndicho kifaa usichokipata dukani.

Kisha, kama mashine haikutoka stoo bali imekuwa ikitumika, jaribu yasiyo na gharama. Kitufe kilichoandikwa TAPE MONITOR kikiwa kimebonyezwa, amplifaya inasubiri sauti kutoka kwenye deki ya kanda ambayo haipo, kwa hiyo inanyamaza kimya. Nimeshapokea mashine nzima kwa kosa hilo tu, nami nikaona haya kudai hela. Kama upande mmoja ndio haulii, badilisha nafasi za waya za kuingizia sauti, wa kushoto uende kulia. Ukimya ukihama, tatizo liko kwenye waya au redio inayoleta sauti. Usipohama, zima na ubadilishe nafasi za spika. Ukimya ukihama sasa, spika ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, au kama mashine imetoka stoo, chomoa na ufungue mfuniko.

Ndani utakuta mende, pengine mjusi aliyekauka juu ya waya za umeme. Usimguse hata yeye kabla hujamaliza hili: zile kapasita mbili kubwa kama makopo hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Ziondolee umeme kwa rezista ya omu 100, wati 5, ukiishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki, sekunde kumi kila moja, halafu hakikisha kwa mita. Kuzipiga shoti kwa bisibisi kunatoa cheche za kuvutia watazamaji, na kunaharibu kapasita.

Sasa kifaa ninachokithamini kuliko vyote mezani: balbu. Kata waya wa moto wa kebo ya majaribio, upitishe kwenye holda ya balbu kabla haujafika kwenye amplifaya, na ufunike maungio yote. Kama hujui waya wa moto ni upi, mwite fundi umeme. Balbu iwe ile ya zamani yenye uzi, wati 60 au 100. Za LED hazifai kabisa. Siku hizi za uzi ni adimu madukani, kwa hiyo waulize wanaofuga vifaranga, maana wao bado huzitumia kupashia joto. Bila spika, sauti ikiwa sifuri, washa. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mashine inapumua. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, lakini balbu imeubeba ule umeme ambao ungeunguza transista. Zima, kaa, tafuta.

Ya mzee ilififia. Nikapima umeme wa DC kwenye njia za spika, kabla ya rilei, ile swichi inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha: milivolti 12 kushoto, 30 kulia. Chini ya 50 sina wasiwasi. Ukikuta volti nzima, usiunganishe spika, koili yake itaungua. Kwa vipimo hivyo transista za mwisho zilikuwa nzima, ingawa mafundi wengi ndizo wangekimbilia kubadilisha, tena kwa hizi bandia zilizojaa sokoni, zenye maandishi mazuri nje na kipande kidogo cha silikoni ndani. Mimi ikibidi huchomoa kwenye mashine nyingine kuukuu.

Ukimya ule ulitokana na ile rilei. Mguso wake wa upande mmoja ulikuwa mweusi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Nilichovya ukanda wa karatasi nyeupe kwenye spiriti, nikaupitisha kati ya migusano mpaka ukatoka safi. Msasa hapana. Vitufe vya kuzungusha navyo nilivipulizia dawa ya kusafishia swichi, nikavizungusha mara thelathini umeme ukiwa umezimwa.

Kukoroma kulihitaji sikio, nami nilisubiri ndege ipite, maana hapa kwetu uwanja wa ndege uko jirani. Koromo likibadilika ukizungusha sauti, chanzo kiko kabla ya kitufe hicho, mara nyingi waya au ethi ya kinanda cha santuri. Hili halikubadilika hata sauti ikiwa sifuri, kwa hiyo nikazishuku kapasita kubwa. Nilibadilisha zote mbili: mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105 kwa ajili ya joto letu, chanya na hasi vikiangaliwa mara mbili.

Nikaiacha ilie saa nzima kwenye spika nisizozijali, nikapima DC tena ikiwa ya moto, kisha nikaweka santuri ya Mbaraka Mwinshehe. Gitaa likasikika pande zote.

Nilimwambia mzee aichomeke kwenye friji gadi, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo isipigwe. Akafikiri. "Ninayo moja tu," akasema, "na mama watoto ameiweka kwenye friji."