Bei ya Uhuru wa Mfungwa

Ndugu msomaji, kijana akiondoka Dongobesh au Katesh kwenda kutafuta elimu ng'ambo, wazazi humsindikiza kwa dua. Basi mtafakari Nemes Tarimo, Mtanzania aliyekwenda Urusi mwaka 2020 kusoma katika chuo kikuu cha Moscow. Huko alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Akiwa gerezani aliletewa shauri: ajiunge na jeshi la kukodiwa la Wagner, alipwe fedha, kisha aachiwe huru. Alikubali, na tarehe 24 Oktoba 2022 akauawa vitani Ukraine. Mwili wake ulirejeshwa nyumbani Januari 2023.

Hatumhukumu marehemu. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, na aliye kifungoni ugenini hachagui kama achaguavyo aliye huru. Lakini twauliza: je, ni haki kumwuzia mfungwa uhuru wake kwa bei ya damu?

Tazama jibu la Islam. Katika vita vya Badr, mwaka 624, Waislamu waliteka Wamakka wapatao 70, watu waliokuja kuwaangamiza. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. hakuwaambia, "Tupiganieni, mtakuwa huru." Wenye mali walitoa fidia; baadhi ya maskini waliachwa bure; na waliojua kusoma na kuandika, kila mmoja aliambiwa awafundishe watoto kumi wa Madina, kisha aende zake. Huko bei ya uhuru ilikuwa kalamu. Kwa Tarimo ilikuwa bunduki.

Pengine utauliza: je, Mwislamu aweza kupigana kwa ajili ya ujira? Mtume s.a.w. aliulizwa juu ya mwenye kupigania ngawira au sifa, akaeleza kwamba aliye katika njia ya Mungu ni yule tu apiganaye ili neno la Mungu liwe juu. Na Masihi Aliyeahidiwa a.s. alifundisha kwamba jihadi ya zama hizi ni ya kalamu na ya kuitakasa nafsi, wala si ya upanga.

Nasi tuna wajibu wetu. Kurani Tukufu, katika Sura Ad-Dahr, yawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa pasipo kutaka malipo wala shukrani. Basi ukiwa na jamaa kifungoni, karibu au mbali, mwandikie, mtembelee, mwombee. Ajuaye kwamba angojwa nyumbani hupata nguvu ya kusubiri.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio ugenini. Amin.