Saa za Mapumziko: Bao, Kitabu na Matembezi

Juma lina saa 168. Mtu afanyaye kazi saa 8 kwa siku, siku 6, hutoa saa 48 kwa mwajiri wake. Akilala saa 8 kila usiku ametoa nyingine 56. Zinabaki saa 64, nazo ndizo tutakazozungumzia. Ni kweli kwamba baadhi yake huliwa na njia, na baadhi na kupika na kufua. Na mkulima atatuambia kwamba ng'ombe hawaijui Jumapili. Hata hivyo, ni wachache wasiopata katika juma zima saa kadhaa ambazo hakuna msimamizi anayewaamrisha. Mtu azifanyie nini saa hizo?

Twauliza kwa sababu saa hizo ndizo zinazokula mshahara. Mtu akiwa kazini hana nafasi ya kutumia fedha. Lakini Jumamosi jioni, mfanyakazi aliye mbali na jamaa zake hutoka chumbani, maana chumba ni kidogo na kina joto, akafuata sauti za watu. Na penye sauti za watu aghalabu pana pombe au kamari. Kamari yenyewe siku hizi huchezwa hata kwa simu ya mkononi, kwa kubashiri matokeo ya mpira wa Uingereza. Mtu huyo si mwovu. Alitoka kutafuta wenzake wa kuzungumza nao, na wenzake aliwapata hapo. Mwisho wa mwezi nyumbani wakiulizia karo ya mtoto, hana jibu. Kumwambia asinywe wala asibashiri, bila ya kumwonyesha jambo jingine la kufanya pamoja na watu, ni kazi bure. Basi na tutazame mambo machache yenye watu, yasiyotaka fedha nyingi, ila yataka kujifunza.

La kwanza ni bao. Wengi wa bara hudhani kwamba bao ni mchezo wa wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja tu, kumbe jamii nyingi za Kenya zina ndugu wa mchezo huo: Wajaluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, Wamasai wana enkeshui. Baganda nao wana omweso. Sheria zake hazifanani, lakini mtu aliyecheza mmojawapo utotoni hatakuwa mgeni kabisa mbele ya ubao wa Waswahili.

Ubao huo una safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Kila mchezaji ana safu 2 zilizo upande wake, yaani ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, na zilizo bora ni komwe; lakini asiye na ubao na achimbe mashimo katika ardhi kavu, aokote mawe madogo, na mchezo utakuwa ni ule ule. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni: 6 katika shimo liitwalo nyumba, ambalo ni la nne kutoka mkono wake wa kulia katika safu ya mbele, na 2 katika kila shimo la mawili yafuatayo upande wa kulia. Kete 22 zilizosalia hukaa mkononi.

Sehemu ya kwanza ya mchezo huitwa namua. Kila zamu yako unachukua kete 1 kutoka mkononi na kuitia katika shimo la safu yako ya mbele ambalo tayari lina kete. Ikiwa shimo la mwenzako lililoelekeana nalo lina kete pia, umekula. Unazichukua kete zake na kuzisambaza moja moja katika safu yako ya mbele, ukianzia kichwani, yaani shimo la mwisho la kushoto au la kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lako lenye kete, na mbele yake mwenzako anazo, unakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, unazizoa zote zilizomo na kuendelea kusambaza. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Ukiweza kula ni lazima ule. Usipoweza, unacheza bila ya kula, na huko ndiko kutakata. Zamu ya kwanza kabisa haina cha kula, kwa maana kete za wachezaji wawili bado hazijaelekeana.

Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia katika mtaji, na hapo kazi huwa ngumu zaidi, kwa kuwa kete zote zimo ubaoni na hesabu ni ndefu. Anayemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenzake ameshinda, na mshindwa huambiwa "hamna". Akishindwa kabla kete za mkononi hazijaisha, amefungwa mkononi, na aibu yake ni kubwa zaidi. Sheria za nyumba ni nyingi kuliko tunavyoweza kuzieleza hapa. Huzieleza vizuri zaidi mzee aliyekaa mbele ya ubao, naye kwa kawaida hupenda kuulizwa.

Twapenda msomaji aangalie jambo moja katika mchezo huu. Kete iliyoliwa haitolewi nje, bali huhamia upande wa pili. Zile 64 zabaki 64 hata mwisho. Mtu aliyekuwa karibu kushindwa huweza kurudi kwa zamu moja tu. Ndiyo maana watazamaji hawaondoki, na ubao mmoja wenye wachezaji wawili huwatosha watu kumi jioni nzima bila ya mtu kununua kitu.

Tuje kwenye vitabu. Wako wazazi, na hata walimu, wanaosema kwamba riwaya ni uongo uliopigwa chapa, na kwamba mwenye kusoma na asome vya dini au vya kilimo tu. Sisi hatukubali. Bibi zetu walitulea kwa hadithi za sungura na fisi, na hakuna aliyewaita waongo.

Shida kubwa zaidi ni kwamba kitabu ni kimoja na wenye kukitaka ni wengi. Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Mmoja asome, wengine wasikilize, na yule asiyejua kusoma awe na haki sawa ya kutoa maoni. Kuna vitabu vinavyofaa sana kwa kazi hii. Katika "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, mshtakiwa Karama anasimama mbele ya baraza akishtakiwa na waziri Majivuno, naye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe 6 waliotumwa nchi mbalimbali wakarudi na kuteswa. Mjumbe mmoja kwa jioni moja ni kipimo kizuri. Halafu wasikilizaji waseme kama wangemhukumu Karama au wangemwachilia. Kiswahili chake ni kizito mahali pengine, lakini uzito huo ni wa chakula kinachoshibisha.

Wapendao mambo ya kupeleleza watakitaka "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hiyo ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa na kiko chake, mtu anayetazama vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni. Msomaji na asimamishe kusoma kabla ya sura za mwisho, kila mtu amtaje amdhaniaye kuwa muuaji na aeleze sababu. Ugomvi utakaotokea ni wa kheri.

Wako pia waliozoea hadithi za Wazungu zilizofasiriwa, kama vile "Kisiwa chenye Hazina" na "Mashimo ya Mfalme Sulemani", ambazo zote mbili zilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929. Kwa maoni yetu ile ya kwanza ilipata bahati, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya mabaharia, na jahazi halikosi majina humo.

Katika michezo ya viungo tutasema machache, maana habari zake huandikwa kila siku. Ila tukumbuke kwamba kutazama si kucheza. Mpira wahitaji kiwanja na wenzako 21. Mbio hazihitaji hata viatu. Nyandika Maiyoro wa Kisii alikuwa wa nne katika mbio za maili 3 huko Vancouver mwaka 1954, na wa saba katika mita 5,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, ambayo ndiyo ya kwanza Kenya kushiriki. Si lazima kila mtu amfikie Maiyoro. Akimbiaye nusu saa Jumamosi alasiri atalala vizuri usiku, na hilo lenyewe ni faida.

Matembezi ya Jumapili hupendeza zaidi yakifuata kitabu. Mathalan, mkaaji wa Mombasa aliyesoma "Uhuru wa Watumwa" cha James Mbotela, cha mwaka 1934, na awachukue watoto baada ya ibada mpaka Kengeleni, palipo kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Wakirudi kisiwani waizunguke Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza, nayo tangu mwaka 1962 ni makumbusho. Mkaaji wa Nairobi anayo mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946 mlangoni pa mji. Aliye shamba ana mto au kilima chenye jina, na mzee ajuaye sababu ya jina hilo. Chukueni maji na viazi vya kuchemsha, na mwanzo wa safari uwe mapema kabla jua halijawa kali.

Kwa wale watakaousoma ukurasa huu pamoja, haya ndiyo maswali ya kuzungumza. Katika bao, ikiwa wachezaji wawili wamekwisha kucheza zamu 10 kila mmoja katika namua, ni kete ngapi zilizomo ubaoni? Kwa nini ni vigumu zaidi kumfunga mtu mkononi kuliko kumshinda katika mtaji? Je, katika kijiji au mtaa wenu ni nani ajuaye kucheza bao, ajua au giuthi, na ni kijana gani aliyekwisha kwenda kumwomba amfundishe?