Bonneville ya 1967 Itafika John o'Groats?

*Ninaishi Leicester na mke wangu. Nimenunua pikipiki ya Triumph Bonneville ya mwaka 1967 na Juni tunataka kwenda nayo kutoka Land's End, kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza, hadi John o'Groats, kaskazini mwa Uskoti, yeye akikaa nyuma. Wenzangu wanasema chuma hicho hakitafika hata Uskoti, afadhali nikodi pikipiki ya kisasa. Je, wanasema kweli? Na ni salama kumpakia mke wangu?*
*Msomaji, Leicester*

Itafika, mradi usiiendeshe kama pikipiki ya leo. Mwandishi Ted Simon aliondoka Uingereza mwaka 1973 na Triumph Tiger ya cc 500, ndogo kuliko yako, akazunguka dunia kwa miaka minne na kupita hata Kenya na Tanzania. Lakini yake ilikuwa mpya. Yako imepita mikononi mwa mafundi kwa zaidi ya nusu karne, wengine stadi, wengine wa kubahatisha. Hofu yangu iko hapo, wala si kwenye kazi ya kiwanda cha Triumph cha Meriden.

Kwa hiyo usikimbilie kununua vipuri. Iendeshe kwanza. Kila mwisho wa wiki nenda nayo hadi vilima vya Peak District, na ukirudi kagua nati moja moja. Pistoni zake mbili hupanda na kushuka kwa pamoja, ndiyo maana inatikisika, na mtikisiko huo hulegeza nati, hukata nyaya na kupasua vishikizo vya madigadi. Kitakacholegea, kilegee ukiwa karibu na nyumbani. Spana za milimita hazitakufaa. Tafuta za Whitworth na za inchi. Tena ukibadilisha kifaa chochote, kibadilishe angalau mwezi mmoja kabla ya safari. Kilichofungwa usiku wa kuamkia safari hakijajaribiwa, nacho ndicho huwalaza watu njiani.

Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni. Pikipiki ikilala siku kadhaa, oili huteremka polepole kupitia pampu hadi chini ya injini, nawe ukipima asubuhi utadhani imepungua. Usiongeze! Washa injini, iache izunguke dakika chache, ndipo upime. Wengi huijaza kupita kiasi, kisha wakailaumu pikipiki kwamba inavuja.

Jambo jingine: kwenye pikipiki hii waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu, kinyume na magari ya siku hizi. Ukitaka fundi akufungie chaja ya simu ya njiani, mkumbushe hilo kabla hajagusa chochote, maana akiunga kwa mazoea ataunguza vitu.

Njia nzima ni kilomita 1,400 hivi. Itengee wiki nzima. Bonneville inaweza kupita kilomita 160 kwa saa, lakini ukishikilia 80 au 90 injini itapumua, na mikono yako haitakufa ganzi. Achana na barabara kuu za motawei. Kutoka Glasgow shika A82, inayopita kando ya Loch Lomond na kukata bonde la Glencoe. Ni barabara nzuri mno, na kwa mwendo huo mtaiona vizuri.

Kuhusu mke wako, muulize mwenyewe, wenzako wasiwepo. Akikubali, mpakie kwenye safari fupi kwanza, asije akaanzia Land's End. Breki ya mbele ya mwaka huo ni ya ngoma, na uzito wa watu wawili na mizigo unaielemea, hasa kwenye miteremko. Punguza gia mapema na umwachie nafasi aliye mbele yako. Kaza springi za nyuma, ongeza upepo kwenye tairi la nyuma, na mizigo mizito iwekwe kwenye mikoba ya pembeni, isirundikwe mgongoni kwake. Akisema amechoka, simama hapo hapo, hata kama zimebaki kilomita kumi kufika mnakolala.

Sheria ya Uingereza haikulazimishi kupeleka kwenye ukaguzi wa mwaka pikipiki iliyopita miaka 40. Ipeleke. Mkaguzi asiyeipenda kama wewe ataona usichokiona. Halafu lipia huduma ya msaada barabarani, na kabla ya kulipa uliza kama inakubali pikipiki ya umri huo, na kama itawarudisha Leicester nyote wawili pamoja nayo mkikwama kaskazini ya Inverness.