Kabla ya Kusema "Amelishwa Sumu"

Mtu aliyekuwa mzima jana anafariki ghafla leo. Hata matanga hayajakaa sawa, minong'ono imeanza: amepewa kitu. Anatajwa mke mwenza, mkwe, au jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Kijitabu hiki kinawaomba wafiwa jambo moja: shaka ya sumu ipelekwe kwenye vipimo, na ipelekwe kabla ya mazishi.

Macho hudanganya

Povu mdomoni, tumbo kujaa, ngozi kuwa ya zambarau: wengi huziita dalili za sumu. Lakini povu humtoka pia aliyeshindwa na moyo au aliyefariki katika kifafa. Tumbo kuvimba na ngozi kubadilika rangi ni mambo ya kawaida kwa maiti. Kwa upande mwingine, sumu ya aseniki huleta kutapika na kuharisha, ikadhaniwa ni kipindupindu. Anayesema "sumu" na anayesema "kifo cha Mungu" wote wanaweza kukosea.

Msiba wa Chitima

Januari 2015, huko Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, waombolezaji walikunywa pombe ya kienyeji. Watu 75 walikufa, akiwemo aliyeipika. Iliyoshukiwa kwanza ni nyongo ya mamba. Maabara ikaonyesha jingine: bakteria walioota kwenye unga wa mahindi ulioharibika walikuwa wametengeneza sumu kali, asidi ya bongkreki. Sumu ilikuwepo kweli, ila haikuhitaji mtu wa kuitia.

Gharama ya kuchelewa

Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, alifariki Ufaransa Novemba 2004, akazikwa bila maiti kuchunguzwa. Kaburi lilifukuliwa 2012. Wataalamu wa Uswisi waliona matokeo yanayoelekea kwenye poloniamu, sumu ya mionzi. Wa Ufaransa na Urusi hawakukubali kuwa ndiyo iliyomuua. Poloniamu 210 hupungua nusu kila baada ya siku 138, na hapo miaka minane ilikuwa imepita. Ubishi umebaki.

Mkiwa na shaka, fanyeni haya

1. Toeni taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Msioshe maiti kabla ya uchunguzi.
2. Hifadhini mabaki ya chakula, kikombe, chupa za dawa na matapishi, kila kitu katika chombo chake. Msimwage wala msioshe.
3. Mwelezeni daktari maradhi ya marehemu, dawa zote alizotumia zikiwemo za mitishamba, alikula nini na saa ngapi, na nani mwingine aliumwa.
4. Ulizeni kama sampuli za damu, mkojo, ini na vilivyomo tumboni zimechukuliwa. Tanzania, sampuli hizo hupimwa na Mkemia Mkuu wa Serikali.
5. Msihofu kukawiza mazishi. Uchunguzi wa maiti wenyewe huchukua saa chache; majibu ya maabara ndiyo hukawia, nayo yanaweza kusubiriwa marehemu akiwa ameshazikwa.

Majibu yakiwa hayajafika, msimtaje mtu. Aliyeitwa mchawi wa sumu msibani hubaki na jina hilo hata cheti cha daktari kikisema ni moyo. Na kama kweli yupo aliyetia sumu, vipimo ndivyo vitakavyomfikisha mahakamani. Uvumi humpa nafasi ya kuosha vyombo.