KIONGOZI ALIYESTAAFU NA KAZI YA USHAURI: NI NINI HASA KINACHOUZWA?

Katika makala haya ya mafunzo ninakusudia kueleza jambo lililotuchemsha bongo mwaka huu chamani, yaani kazi za ushauri ambazo wanasiasa huzipata kwa malipo manono baada ya kutoka madarakani. Wengi katika mjadala wetu walisema, "Mwache mtu ale jasho lake! Kwani amemwibia nani?" Swali hilo si baya hata kidogo. Naomba tulijibu hatua kwa hatua, tusirukie kuhukumu.

MAANA YA USHAURI WA KULIPWA

Mshauri ni mtu anayempa mwingine maarifa ambayo huyo mwingine hana. Daktari aliyestaafu akiitwa na hospitali kushauri, hapo hakuna kelele. Mwanasiasa naye anapoondoka ofisini hubeba mambo matatu. La kwanza ni maarifa: anajua jinsi bajeti inavyotungwa na jinsi mswada unavyopita bungeni. La pili ni siri: anajua serikali inapanga nini, na nani anapinga nini. La tatu ni watu. Ana nambari za simu za mawaziri na makatibu wa wizara, na baadhi yao ni yeye mwenyewe aliyewapandisha vyeo.

Maarifa ni yake, hakuna ubishi. Lakini siri na watu ni mali ya nani? Alivipata kwa sababu wananchi walipiga foleni juani wakamchagua. Akiviuza, anauza kitu ambacho alikabidhiwa tu. Wahenga walisema cheo ni dhamana.

MFANO WA NYUMBANI

Tuseme kuna shule fulani (si yetu jamani!) yenye mwenyekiti wa kamati ya tenda. Mwezi wa Oktoba kamati inachagua mfanyabiashara wa kuleta mahindi na maharagwe. Mwezi wa Novemba mwenyekiti anastaafu. Januari tunasikia ati ameajiriwa na mfanyabiashara yule yule, kama mshauri. Hakuna aliyeona bahasha ikipita chini ya meza. Huenda mahindi ni safi na bei ni nafuu. Hata hivyo, kila mwanafunzi atakayekutana na jiwe ndani ya githeri atajiuliza: je, mzee yule alikuwa akitutumikia sisi au alikuwa akijitafutia kazi?

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kosa huwezi kulithibitisha, na shaka huwezi kuiondoa.

MIFANO KUTOKA NG'AMBO

Sasa tutoke katika shule ya kubuni, tuangalie mambo yaliyotokea kweli. Nimechagua mifano ya Ulaya kwa kuwa yote ilichunguzwa au kujadiliwa hadharani.

(a) Uingereza. David Cameron alikuwa Waziri Mkuu tangu 2010 hadi Julai 2016. Wakati wa utawala wake, mfanyabiashara wa fedha aitwaye Lex Greensill alipewa nafasi ya kuishauri serikali. Kwa kanuni za huko, waziri anayetoka alitakiwa kuomba ushauri wa kamati maalumu kuhusu kazi mpya kwa muda wa miaka 2. Miaka 2 ya Cameron ilikwisha Julai 2018. Agosti 2018, naam, mwezi uliofuata, akawa mshauri wa kampuni ya Greensill Capital.

Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipobana biashara, kampuni hiyo ilitaka kuingizwa katika mpango wa mikopo ya dharura wa serikali. Cameron akashika simu. Aliwatumia mawaziri na maofisa wakubwa ujumbe mwingi, akiwemo Waziri wa Fedha wa wakati huo, Rishi Sunak. Wizara ya Fedha ilisikiliza, kisha ikakataa. Machi 2021 kampuni ikafilisika. Kamati ya Bunge ilichunguza, na Julai 2021 ikatoa maoni yake: Cameron hakuvunja kanuni za ushawishi, lakini alikosa busara kwa kiasi kikubwa.

Mtu atasema, "Si walimkatalia? Basi tatizo liko wapi?" Jiulize, mwenye duka dogo kule London, ambaye biashara yake ilikuwa ikifa siku zile zile, angempigia nani simu?

(b) Umoja wa Ulaya. José Manuel Barroso aliongoza Halmashauri ya Umoja huo miaka 10, tangu 2004 hadi 2014. Muda wa kungoja ulikuwa miezi 18. Alingoja ukapita, na Julai 2016 ikatangazwa kuwa ameingia benki ya Goldman Sachs. Kamati ya maadili ikasema nini? Kwamba hakuvunja kanuni, ila hakutumia busara ya kutosha. Mnaona? Nchi tofauti, kazi tofauti, na hukumu ni ile ile! Mwaka wa 2018 kanuni zikabadilishwa, rais wa Halmashauri akatakiwa kungoja miaka 3.

(c) Ujerumani. Huu ndio mfano ulionifikirisha zaidi. Tarehe 8 Septemba 2005, mbele ya Chansela Gerhard Schröder na Rais Putin wa Urusi, kulitiwa saini mkataba wa kujenga bomba la gesi chini ya Bahari ya Baltiki. Siku 10 baadaye ulifanyika uchaguzi, na Novemba Schröder akatoka madarakani. Kabla Desemba haijakwisha ilikuwa imetangazwa kwamba ataongoza kamati ya wenye hisa wa kampuni ya bomba hilo hilo. Wapo waliomtetea kwamba gesi ilihitajika kweli. Lakini Wajerumani wengi walishindwa kulala na swali moja: siku ile ya saini, alikuwa ameketi upande gani wa meza? Baada ya miaka 10, mwaka wa 2015, Ujerumani ilitunga sheria ya kuwangojesha mawaziri wanaotoka hadi miezi 12, au 18 jambo likiwa zito.

FUNZO LENYEWE

Tazameni mifano yote mitatu. Sheria huhesabu miezi tangu kiongozi aondoke. Methali yetu, kwa upande wake, husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi naamini kiongozi anayetamani kazi ya kampuni fulani huanza kuinama angali kwenye kiti, saini ikiwa bado mkononi mwake. Kumngojesha miaka 2 baadaye ni vizuri, lakini ni kufunga zizi huku mbuzi mmoja tayari amekwisha kutoka.

Je, tuwanyime kazi wastaafu? La hasha. Tukifanya hivyo, maskini mwenye kipawa ataogopa uongozi, na matajiri pekee ndio watakaobaki kugombea viti. Isitoshe, anayejua kuwa nje kunangoja njaa atang'ang'ania kiti hadi mguu wa mwisho uvunjike. Kwa hivyo napendekeza dawa tatu. Kwanza, kiongozi atangaze hadharani kila ahadi ya kazi anayopewa akiwa bado ofisini, kisha ajitoe katika uamuzi wowote unaoihusu kampuni hiyo. Pili, mikutano na ujumbe kati ya wastaafu na mawaziri iandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kusoma. Tatu, anayesimamia kanuni awe na meno. Ile kamati ya Uingereza ilikuwa ya kushauri tu, haikuwa na uwezo wa kuadhibu, na mwaka wa 2025 ilivunjwa na kazi yake kugawiwa vyombo vingine.

Hapa Kenya, Kifungu cha 77 cha Katiba ya 2010 kinamkataza afisa mstaafu wa serikali anayelipwa pensheni ya umma kushika kwa wakati mmoja zaidi ya nyadhifa 2 za mshahara katika mashirika au idara za serikali. Ni kinga nzuri ya fedha za umma. Mwaka wa 2025 ikaongezwa Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Sheria hizi zitakuwa na nguvu ikiwa sisi wenyewe tutazisoma na kuuliza. Miongoni mwetu wamo watakaokuwa wabunge na mawaziri. Mwenzangu, siku utakapokalia kiti hicho na kampuni ikakunong'oneza sikioni, "Ukitoka njoo kwetu," kumbuka kwamba kalamu unayoishika si yako. Ni yetu.

MSAMIATI
Dhamana: kitu ulichokabidhiwa ukitunze kwa niaba ya mwenyewe.
Mgongano wa maslahi: hali ya faida yako kuvutana na wajibu wako.
Hisa: sehemu ya umiliki wa kampuni.
Mvungu: nafasi iliyo chini ya kitanda.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kati ya maarifa, siri na watu, ni kipi kiongozi mstaafu ana haki ya kukiuza? Toa sababu.
2. "Hakuvunja sheria, ila hakutumia busara." Je, hukumu hii inatosha?
3. Ungekuwa mwanakamati wa tenda, ungefanya nini ukiahidiwa kazi na mmoja wa walioomba?